Vitambaa Vyangu Ghorofa ya Sita

Nina vitambaa kumi na viwili vya makochi, vyeupe, vyenye maua kwenye kona, na nilivifuma mwenyewe kwa mkono nilipokuwa bado nafundisha. Watoto wangu huvicheka. Mimi sijali. Mgeni akiingia kwangu Umoja, hapa Nairobi, hakalii kochi tupu, na hilo halina mjadala. Nalitaja mapema kwa sababu vitambaa hivyo nusura vimkoseshe msichana mmoja chuo kikuu, na aliyevitoa kabatini ni mimi.

Nilipostaafu ualimu nilidhani nitapumzika. Nikapumzika miezi miwili, nikachoka. Jirani akaniletea binti yake aliyemaliza Kidato cha Nne, hajui achague kozi gani, tukakaa naye mezani mpaka tukaelewana. Jumamosi iliyofuata wakaja watatu. Siku hizi meza yangu ya kulia chakula haiguswi na sahani Jumamosi. Wanakuja wa mitaa ya Umoja, Dandora na Pipeline, kila mmoja na vyeti vyake ndani ya bahasha ya plastiki, nami nawasaidia kuchagua kozi, kujaza fomu za basari na kuandika barua za kuomba ufadhili. Chai ipo, mandazi yapo, na makelele yangu yapo.

Makelele mengi ni ya barua. Watoto wa huku kwetu watakupigia hesabu ngumu bila kutoa jasho, lakini mwambie mmoja aandike hali ya nyumbani kwao, uone. Mama anayeuza sukuma wiki juu ya gunia anageuka kuwa "mfanyabiashara wa mazao". Baba anayesimama langoni mwa kiwanda kila asubuhi kungoja kibarua anakuwa "mtaalamu wa viwanda". Nasoma, navua miwani, nafoka. "Unaomba msaada ama unaomba kura? Andika ukweli!" Wanacheka, wanafuta, wanaanza upya.

Msichana ninayemzungumzia hakuhitaji kufokewa. Alikuja kutoka Pipeline na barua yake tayari, karatasi moja tu. Aliandika kwamba mama yake hufulia watu nguo nyumba hadi nyumba, kwamba wako watoto watatu katika chumba kimoja, ghorofa ya sita. Alitaka kuwa muuguzi kwa sababu mikono ya mama ilipopasuka kwa sabuni, muuguzi wa zahanati ndiye mtu wa kwanza aliyemwona akiishika mikono hiyo kwa upole. Nilisoma mara mbili. Halafu nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Nafasi ya kusomea uuguzi alikuwa ameshaipata. Kilichobaki kilikuwa karo. Mfuko mmoja wa ufadhili ulipenda barua yake, ukamwita kwenye mahojiano, ukamwambia limebaki jambo moja tu: afisa atakuja nyumbani kuona hali ya familia. Akiridhika, karo yote italipwa. Asiporidhika, nafasi itampita, na msichana ataungana na mama yake kwenye beseni la nguo.

Siku mbili kabla ya ugeni huo, mama mtu akaja kwangu. Ni mwanamke mfupi, mwenyeji wa magharibi, mcheshi, mwenye kucheka kwanza ndipo aseme. Siku hiyo hakucheka.

"Mwalimu, huyo mgeni nitamkalisha wapi? Mimi sina hata kiti."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, ni vizuri, kaeni hivyo hivyo, mgeni aone. Mimi nilifungua kabati. Nikampa vitambaa sita, chupa ya chai na vikombe vyangu vya maua ambavyo hata askofu hajavinywea. Nilimwonea huruma, na zaidi ya huruma niliona aibu kwa niaba yake. Mgeni wa heshima kukalia kitanda! Haikunipitia akilini kwamba mgeni mwenyewe alikuwa anakuja kutafuta kitanda hicho hicho.

Jumamosi ilipofika nilipanda ngazi zile nikakuta ghorofa nzima imeingia kazini. Jirani wa mlango wa pili, mama Mwislamu anayefanya biashara ya nguo, alikuwa ametandika zulia lake jekundu na mito ya dhahabu. Wa ghorofa ya nne alikuwa ametoa runinga. Makochi mawili yalikuwa yakipanda ngazi migongoni mwa vijana, kelele mtindo mmoja.

"Mathe, hii kochi imekataa kukunja kona!"

"Inua huko mbele, si unainua tu! Buda, unasukuma ama unaegemea?"

Na friji. Sijui mpaka leo ilitoka kwa nani. Ilisimama katikati ya chumba bila kuwashwa, kwa kuwa waya wake haukufika ukutani, na ndani yake mlikuwa na soda mbili zilizonunuliwa dukani zikiwa baridi. Chumba kilijaa hadi ikabidi wadogo wa msichana wakae nje. Kijana mmoja akachungulia mlangoni akapiga mluzi. "Aki leo mmeomoka, mmekuwa matajiri!" Sote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, huku nikinyoosha kitambaa changu kwenye mgongo wa kochi.

Msichana peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya friji akiitazama. "Mwalimu," aliniuliza polepole, "hii ni sawa?" Nikamwambia aende akaoshe vikombe.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye faili ya kijani. Alifika akihema kwa zile ngazi, akakalishwa kwenye kitambaa, akapewa soda kutoka kwenye friji, akaletewa wali na kuku aliyechangiwa na milango minane. Alikula mapaja mawili. Kila baada ya tonge alitazama huku na huku akaandika kitu, nami kila alipoandika nilimtolea tabasamu. Alipoondoka tulikumbatiana. Jirani Mwislamu alishukuru Mungu kwa sauti, mama akapiga vigelegele, vijana wakamaliza wali.

Baada ya wiki moja msichana aliingia kwangu bila kubisha, akanipa simu. Ujumbe ulikuwa mfupi na wa adabu. Ombi lake halikufaulu, kwa kuwa familia ilionekana inajiweza.

Nilikasirika vibaya sana. Nilimkasirikia yule mama wa faili, kuku tulivyompa, mapaja mawili! Nikapiga simu ofisini kwao nikadai kuzungumza naye mwenyewe. Nilifoka kama niko darasani. Aliniacha nikamaliza, kisha akanisomea alichoandika: friji, runinga, zulia, makochi mawili yenye vitambaa vizuri vya kufumwa kwa mkono.

Naungama kwamba nilipolisikia lile neno "vizuri" nilifurahi kidogo. Sekunde moja tu. Halafu nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Mimi niliyewafokea watoto miaka yote waandike ukweli, ndimi niliyeutandikia ukweli vitambaa. Nikamweleza yote. Akasema atakuja tena mara moja tu, kabla siku ya kuripoti chuoni haijafika, na hatasema siku. Nyumba aikute ilivyo.

Nilikwenda Pipeline jioni hiyo hiyo kumwambia mama mtu. Nilidhani atashukuru. Alikunja uso.

"Aje akute nini, mwalimu? Kuta? Mtu amepanda floo sita, nimwambie asimame?"

"Ndiyo! Asimame! Ndiyo hali yenyewe."

"Wewe ungekubali kwako?"

"Kwangu siombi karo!"

"Na wewe si ndiye ulinipa vikombe?"

Alikuwa amenishika pabaya. Tulinuniana pale, watu wazima wawili, mpaka msichana aliyekuwa akikunja nguo kitandani akasema bila kuinua uso, "Mama, ile barua niliiandika mimi. Nilisema tunaishi hivi. Huyu mgeni sasa anajua mimi ni mwongo." Mama alimtazama, akanitazama mimi, akatoka nje akasimama kwenye baraza akishika vyuma. Niliteremka ngazi nikiwa sijui atafanya nini.

Simu iliita Jumanne asubuhi. Afisa yuko Pipeline, amepotea. Majengo yote yamefanana, kila ukuta nguo zimeanikwa, nimwelekeze. Nilikwenda mbio kiasi ambacho magoti yangu yanaruhusu, nikamkuta, tukaanza kupanda.

Kumbe faili ya kijani ilikuwa imeonwa. Habari ilipanda ngazi kutushinda. Tulipofika ghorofa ya tatu nilisikia milango ikifunguliwa huko juu na miguu ikikimbia. Ya nne, jirani wa runinga alikuwa mlangoni ameikumbatia kifuani, amesimama kama mwizi aliyemulikwa. Nilimkazia macho yale ya kutuliza Kidato cha Pili. "Rudisha," nilimwambia kwa midomo tu. Akarudi ndani kinyumenyume. Ya tano, kochi lilikuwa limeziba ngazi, limekwama kwenye kona ile ile, kijana mmoja juu, mmoja chini.

"Teacher, tunasaidia tu," alisema wa chini.

"Nimeona. Saidieni kulirudisha."

Afisa alijibana ukutani kochi lipite likishuka, faili kifuani. Nilijua kwamba huko juu kuna mwanamke aliyekuwa na dakika tatu za kuamua, na majirani kumi walio tayari kumsitiri.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda kimoja nyuma ya pazia, godoro limesimamishwa ukutani, jiko, mitungi ya maji, marundo mawili ya nguo za watu. Mama alikuwa ameinamia beseni, povu hadi viwikoni. Kwenye baraza nyuma yake jirani Mwislamu alikuwa amesimama na zulia jekundu begani, akingoja neno moja tu. "Dada, nitandike?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama alinyooka. Niliona akilitazama zulia, na niliona jinsi alivyolitamani.

"Hapana," alisema. "Asante, dada." Kisha akamgeukia mgeni, mikono ikidondosha maji. "Karibu. Sina kiti."

Msichana alichukua ndoo ya kufulia, akamwaga maji yake, akaipindua, akaipangusa kwa leso yake mara mbili. Afisa akakaa juu ya ndoo. Akafungua faili.

"Na yale makochi?"

"Ya majirani. Friji pia. Zulia ni la huyu hapa. Vikombe na vitambaa ni vya mwalimu." Watu wote waliokuwa barazani walinigeukia. Mimi niliangalia dari.

"Na kuku?"

"Kuku alikuwa wa floo nzima."

Afisa aliinamisha kichwa juu ya faili na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anacheka, anacheka hadi anafuta machozi kwa kiganja, na akasema kuku yule alikuwa mtamu kweli, na alijisikia vibaya kumnyima ufadhili mtu aliyempikia vile. Ndipo mama naye akacheka, kile kicheko chake cha kutangulia maneno. Walizungumza saa nzima. Mgeni hakupewa hata maji ya kunywa kwa sababu, nadhani, kila mmoja aliogopa kuleta kikombe.

Barua ya kukubaliwa ilikuja siku nne kabla ya kuripoti. Msichana aliondoka na sanduku la jirani mmoja, shuka za mwingine, na ile ndoo, kwa maana chuoni waliandika kila mwanafunzi aje na ndoo. Mama alinirudishia vitambaa sita vimefuliwa na kupigwa pasi, vyeupe kuliko nilivyowahi kuvifikisha mimi, na vikombe vyote. Hakuna kilichopotea.

Muhula ulipokwisha nilipanda kwenda kuwasalimia. Binti alikuwa amerudi likizo, ananieleza habari za wodini huku akinipima mapigo ya moyo bila kuombwa, akaniambia nipunguze chumvi. Chumba kilikuwa kile kile, pazia lile lile. Lakini katikati ya sakafu palikuwa na kiti kimoja cha plastiki, cha bluu, bado kina karatasi ya duka mguuni.

Nilitaka kubaki wima. Sikutaka kuwa mtu wa kwanza kukikalia, na nilijua amekifulia nguo ngapi. Mama alikipangusa kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi, akakisogeza nyuma ya magoti yangu.

"Kaa, mwalimu," alisema. "Hiki hakirudi kwa mtu."

Nikakaa.