Siku Kumi za Mwisho na Chelo ya Shule

Nilikwenda kwenye kambi ya muziki na fidla, lakini orodha iliyobandikwa kwenye mlango wa bwalo ilisema nitapiga viola. Viola hufanana na fidla, ila ni kubwa kidogo na sauti yake ni nzito. Kambi nzima haikuwa na mtu wa kuipiga. Mwalimu wa kundi letu alinikabidhi moja ya kuazima, akatazama vidole vyangu, akasema ni virefu, nitazoea.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa likizo ya Agosti, na kambi ilifanyika katika shule ya bweni juu vilimani, nje kidogo ya mji wa Machakos, wanafunzi wenyewe wakiwa wamekwenda makwao. Watu hudhani Ukambani ni jua tu. Kule juu mwezi huo ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, nasi tulipasha vidole joto kwa vikombe vya chai kabla ya kushika ala. Tulikuwa vijana kama arobaini, tumegawanywa watatu watatu, wanne wanne, na kila kundi lilikuwa na kipande kimoja cha kushughulikia kwa siku kumi, kisha siku ya mwisho lipige mbele ya wazazi. Muziki wa namna hiyo hauna kiongozi wa kusimama mbele na kijiti. Mnakaa mkitazamana, kila mtu na sauti yake peke yake, na mmoja akiteleza wote mnaanguka naye.

Kundi letu lilikuwa la wanne. Fidla ya kwanza alikuwa kijana wa Syokimau, fundi kweli, mwenye maneno mengi na Sheng', ile lugha ya mitaani, nyingi zaidi. Fidla ya pili alikuwa msichana wa Kangundo, miaka kumi na mitano, mwoga wa kutazamwa. Na kwenye chelo, ile ala kubwa inayokaa katikati ya magoti, alikuwepo msichana wa Mwala aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Kila asubuhi nilihisi kitanda kikitikisika kabla kengele haijalia, na nikiwa bado chini ya blanketi nilisikia chelo ikianza kule darasani, noti ndefu moja baada ya nyingine. Nilimwonea wivu. Nilidhani huo ndio moyo wa mpiga muziki wa kweli, nami sina.

Siku ya nne nilijua sababu yake. Kwetu ni Waislamu. Babu yangu alitoka pwani akafungua duka la vitambaa hapo mjini, na mwalimu alikuwa amenipa ruhusa niswali adhuhuri katika stoo ya magodoro nyuma ya jikoni. Nilipofungua mlango nikamkuta msichana wa Mwala amekaa sakafuni nyuma ya magodoro, mkono wa kushoto ameuzamisha katika karai la maji ya moto. Alikuwa akilia bila sauti. Aliponiona hakushtuka sana. Aliutoa mkono, akajaribu kuufunga ngumi, na kidole cha mwisho kikabaki wima.

Nikamuuliza ni tangu lini.

"Tangu kabla nikuje," alisema. Kidole kilikuwa kikifa ganzi usiku, na kifundo cha mkono kilimuuma akishika hata kijiko.

Nilimwambia lazima mwalimu ajue. Hapo akanishika gauni kwa ule mkono mzima.

"Hii chelo ni ya shule. Kambi ikiisha nairudisha moja kwa moja, na sina ingine. Niko na siku sita tu. Niachie hizo sita."

Ningeweza kumwambia nitafikiri. Sikufikiri. Nilimwambia sitasema, akaniachia gauni, akamwaga maji nje, akaondoka. Niliswali siku hiyo nisijue nimesoma nini.

Kuanzia hapo mazoezi yakawa mateso. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, asiyepaza sauti hata mara moja. Alikaa pembeni na penseli, na tukiharibu alisema "tena", basi. Sehemu iliyotushinda ilikuwa ile ya polepole. Humo chelo hushika noti za chini, ndefu, na fidla ya pili huingia juu yake kama mtu anayekanyaga ngazi. Kidole cha msichana wa Mwala kilikuwa kikichelewa. Hakikuchelewa sana, labda kwa muda wa kupepesa jicho, lakini msichana wa Kangundo alikuwa akimsubiri yeye, kwa hiyo aliingia nyuma, na kwa kuwa sauti ya fidla iko juu, kosa lilisikika kwake.

Tena. Tena. Tena. Siku ya tano kijana wa Syokimau alimwambia msichana wa Kangundo ahesabu kichwani kama hawezi kusikiliza. Siku ya sita alimwambia waziwazi kwamba yeye ndiye anatuchelewesha, na kwamba hakuja kambini kuaibishwa mbele ya wazazi.  Mtoto wa watu alianza kuingia mapema kwa hofu, na sasa tukawa na makosa mawili. Nilimtazama wa chelo, nikingoja aseme neno. Alikuwa akipaka upinde wake ulimbo wa kuufanya ushike nyuzi, polepole, kana kwamba hiyo ndiyo kazi pekee duniani.

Jioni hiyo kwenye meza ya chakula nilimnong'oneza kwamba yule mdogo anaonewa. Alisema anajua. Akasema kesho atalala mapema, mkono utakuwa na nguvu, atashika vizuri, na hakuna atakayeonewa. Muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikuwa haujaguswa. Nilitaka sana kumwamini.

Siku ya saba tulianza saa tatu. Tulipofika mahali pale tukaanguka, tukarudia, tukaanguka. Mara ya tano mwalimu aliweka penseli chini. Alimwambia msichana wa Kangundo, kwa upole kabisa, kwamba hana kosa la kuaibikia, ila pengine kipande hiki ni kigumu kwake mwaka huu. Kuna kundi lingine la wanaoanza, na baada ya chai atampeleka huko. Yule mtoto alisema ndiyo mwalimu. Akaanza kulegeza upinde wake ili aurudishe kwenye mkoba, lakini akashindwa kuzungusha ile skrubu ndogo.

"Mwalimu, si yeye," nilisema.

Mwalimu akaniuliza ni nani, basi. Nikamtazama wa chelo. Nilimtazama muda mrefu, nikimpa nafasi, na nina hakika alijua kuwa ninampa nafasi. Aliinamisha macho kwenye karatasi za noti. Nje kulikuwa na kundi lingine likifanya mazoezi, na nakumbuka nilihesabu mapigo yao mpaka nane.

"Ni mkono wake," nikasema. "Mkono wa kushoto. Haufungi."

Mwalimu alisimama, akaichukua chelo kutoka magotini mwa msichana wa Mwala, akailaza sakafuni kwa ubavu, kisha akapiga magoti mbele yake na kumwomba afunge ngumi. Vidole vinne vilitii, cha mwisho kikabaki wima.  Kijana wa Syokimau alikitazama kile kidole, kisha akamtazama msichana wa Kangundo, akainamisha kichwa kwa aibu.

Mwalimu alimpeleka msichana wa Mwala hospitali mjini saa ileile. Sisi tuliobaki hatukuweza kufanya mazoezi. Kijana wa Syokimau alikwenda kwa yule mdogo na kumwambia pole, kwamba masikio yake ndiyo yaliyokosea, kisha akakaa kimya, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwake tangu tufike. Msichana wa Kangundo alikuja kunishukuru. Nilimwambia asinishukuru. Nilikuwa nikiangalia barabara ya kutoka mjini, na kila gari lililopanda mlima nilisimama kulitazama. Niliogopa msichana wa Mwala atarudi na habari kwamba nimechelewa, kwamba zile siku tatu nilizonyamaza ndizo zilizomaliza mkono. Na niliogopa vilevile atarudi na habari kwamba hakuna kitu, kwamba nimemnyang'anya siku zake bure.

Walirudi alasiri. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji juu ya kibao, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa na utapona, ila apumzishe mkono kwa wiki sita, asiguse nyuzi hata kwa mchezo. Angeendelea vile, daktari hangeweza kumwahidi lolote. Hayo nilielezwa na mwalimu, aliyeniita kando ya bwalo. Nilikiri kwake kwamba nilijua tangu siku ya nne. Alisema yeye ndiye mwalimu na alipaswa kuona mwenyewe. Alikuwa akisikiliza tu, hakuwa akitazama.

Niliporudi bwenini nilikuta godoro la juu halina shuka. Alikuwa amehamia kitanda cha upande wa pili, karibu na mlango.

Tulibakiwa na siku tatu na kipande kisicho na sauti ya chini. Mwalimu aliamua viola itachukua noti za chelo, maana ndiyo pekee inayoweza kushuka angalau karibu na huko, na zile noti zangu za kujaza tutaziacha. Aliketi akaniandikia upya kurasa mbili kwa mkono. Kisha akamwomba msichana wa Mwala anifundishe. Nilitamani akatae. Hakukataa. Alikuja, akakaa kando yangu, akaanza kuniimbia noti zake kwa do re mi, jinsi tulivyofundishwa wote kwaya, akipiga mdundo kwa mkono wa kulia juu ya goti. Kwa siku mbili hakuniambia neno lisilohusu kipande. Hapo usikimbie. Hapo punguza. Ngoja mpaka umsikie yule mdogo akivuta pumzi, ndio ubadilishe. Alikuwa ameisikiliza kila sauti ya kundi letu kwa undani kuliko sisi wenyewe. Nikikosea alirudia kuimba palepale, bila hasira na bila kunitazama, na mimi ningependelea hasira.

Mara moja tu, nilipoipata ile noti ndefu sawasawa, alifumba macho mpaka ikaisha. Kisha akasema twende mbele.

Siku ya kumi wazazi walijaza ukumbi. Baba alifunga duka kwa nusu siku, akaja na mama, wakakaa viti vya nyuma. Mama yake msichana wa Mwala alikuwa ametoka kwao alfajiri. Alipouona ule mkono uliofungwa aliuliza kwa Kikamba, na binti yake akamjibu kwa maneno machache, akanielekezea kidevu. Mama alinitazama. Sikujua ameambiwa nini na sikuthubutu kuuliza.

Kundi la wanne tulipanda jukwaani tukiwa watatu. Kiti cha chelo kiliondolewa. Sehemu ya polepole ilipofika, mahali pale penyewe, pale palipotuangusha mara zote, niliinua macho kutoka kwenye karatasi nikampata msichana wa Mwala amekaa mstari wa kwanza, mdomo wake ukienda bila sauti, akihesabu mapigo gotini kwa mkono wa kulia. Nikashika noti. Msichana wa Kangundo akavuta pumzi, nikaisikia, nikabadilisha, naye akaingia juu yangu wakati wake hasa. Kijana wa Syokimau aliharakisha kidogo kuelekea mwisho. Tulifika.

Wazazi walipokuwa wakinywa chai nilimkuta darasani akijaribu kuifungia chelo kwenye sanduku lake. Kwa mkono mmoja hakuweza kubana vile vibanio. Nilipiga magoti nikabana vya upande wangu, yeye akashikilia kifuniko. Nikamwambia samahani.

"Ulifaa kuniambia kwanza," alisema. "Kwamba utasema."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Lakini ungeniambia."

Nilibana kibanio cha mwisho. Alimwita mama yake, wakalibeba sanduku pamoja hadi kwenye gari la mwalimu, ambaye alijitolea kuwapitisha shuleni warudishe chelo.

Mkono wake ulipona. Kufikia Krismasi alinitumia picha ya ngumi, vidole vyote vimefungwa, bila maneno. Ilimchukua miaka miwili na zaidi kupata chelo nyingine, ya mkopo kutoka kanisani, na sasa anafundisha muziki katika shule ya msingi huko kwao. Mimi nilibaki na viola. Fidla nilimpa binamu. Mimi na yeye wa chelo tumepiga pamoja mara tatu tangu wakati ule, mara ya mwisho mwaka jana katika harusi ya msichana wa Kangundo, na tulicheka sana tukikumbuka baridi ya asubuhi zile. Katikati ya mazoezi ya harusi hiyo nilimwona wa chelo akiweka upinde chini na kujikanda kiganja cha kushoto. Nilimuuliza kama kuna shida. Akasema hakuna, akauchukua upinde, akaniambia tuanzie juu ya ukurasa.