Kunguni wa Chumbani Mwangu

Dada yangu alipokuja kujifungulia kwetu Malindi, nilijua chumba changu kitakwenda. Nikamwambia mama kwamba kitanda changu kina kunguni, mtoto ataliwa. Mama akaenda zake jikoni, nami nikajiona bingwa.

Jana natoka shule, kitanda kiko uani. Wanawake waliokuja kumtazama mtoto wamekizunguka, mama anazimwagia kamba zake maji ya moto. Hakutoka hata mdudu mmoja.

"Mtoto atalala kwangu mpaka atoke arobaini, kama mlivyolala nyote," nyanya akasema. "Nani alikitaka chumba chako?"

Mama akanigeukia. "Haya babangu, kunguni wako wapi?"

Nyanya akanijibia:

"Si huyo hapo, kavaa sare."