Turubai Jipya la Kanze

Mto ulipofurika na kuingia kijiji cha Wema, Kanze alitoka na sufuria mbili na kuku mmoja, akafikishwa pamoja na wenzake kambini, kwenye mwinuko karibu na Garsen. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Ndugu aliyembakia ni mdogo wake, Fondo, na Fondo ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti wa kambi.

Maturubai yalipoletwa hayakutosha. Fondo akampa dada yake jipya, pana, la kufunika chumba na jiko. Jirani wa Kanze, Darmi, mama wa Kiorma mwenye watoto wanne, aliambulia kipande kilichochanika. Mvua ikinyesha, Kanze aliwasikia wale watoto wakihamishwa kutoka pembe hii hadi ile.

Hapo ndipo chakula kilipoanza kumshinda. Akitia tonge mdomoni, roho inamchafuka. Alikwenda kwa Hodan, muuguzi wa kambi, akidhani ni malaria. Hakukutwa na malaria. Hodan alimwuliza anavyoishi, na Kanze akajikuta anasimulia habari za turubai.

"Mama, ubongo una sehemu inayoshtuka tukionja kitu kilichooza," Hodan akamwambia. "Mtu akidhulumiwa, sehemu hiyohiyo huamka. Kwa wengine huamka hata wanapopendelewa wao. Siapi kwamba ndilo linalokusumbua, lakini kama ndilo, dawa yake mimi sina."

Kesho yake Kanze alifungua kamba, akalikunja turubai, akampelekea Darmi na kuchukua kile kipande. Darmi alilipokea bila kumtazama usoni. Labda aliona haya, labda aliogopa kusimangwa baadaye. Kanze hakuwahi kujua. Alitarajia walau kukaribishwa chai.

Fondo alikuja jioni.

"Umeniumbua mbele ya watu, dada."

"Nimeshindwa kukaa humo, Fondo."

"Ungeniambia mimi kwanza."

Hilo Kanze alijua ni kweli.

Tangu siku ile chakula kilipita, ila alikula peke yake. Waliopata maturubai mazuri walinyamaza kila alipokaribia. Bombani walimpisha ateke mbele yao, apate kuondoka upesi.

Maji yalipopungua, watu walirudi Wema. Fondo na mkewe Kaviha waliondoka bila kumuaga. Alizipata habari kwa mpita njia. Hakuwafuata. Alipanga chumba nyuma ya soko la Garsen, akawa anauza chai na mahamri.

Mwaka uliofuata Kaviha alipita pale, mtoto mchanga wa kike mgongoni. Alinunua mahamri, akaulizia afya, akajibiwa. Kanze akauliza mtoto anaitwa nani. Kwa desturi za kwao binti angeweza kupewa jina la shangazi yake, wala asingeshangaa mtu.

Kaviha alimkaza mtoto mgongoni. "Tumemwita Margaret," akasema. "Jina la mtu wa kwetu, kwa wazazi wangu."

Kanze akasema ni jina zuri. Kaviha alipokwisha kuondoka, Kanze alikaa akilitamka polepole, apate kulizoea.