Kijani Juu ya Rangi ya Chungwa

Kinue Hamasaki aliuza tofu, vile vipande laini vya maharage ya soya, katika mji wetu tangu alipoolewa mpaka nywele zake zikawa nyeupe kama tofu yenyewe, na miaka yote hiyo watu waliuogopa ulimi wake. Ukimuuliza kama tofu ni ya leo, aliitazama tofu, akakutazama wewe, kisha akakuuliza kama na wewe ni wa leo. Watu walicheka, wakanunua. Sisi wa kusini mwa Kyushu, huku Japani, tumezoea mlima unaotumwagia majivu juu ya nguo tulizoanika. Na Kinue tulimzoea hivyo hivyo.

Lakini hasira yake ya kweli haikuwa ile ya dukani. Ilikaa chini zaidi, kama maji ya kisima kilichofunikwa kwa ubao. Mwaka wa hamsini tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, aliyeukanyaga ubao ule alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Tomoji.

Tomoji alikuwa seremala wa milango, mtu mpole asiyegombana hata na mbao. Baada ya kustaafu alijifungia na ndege za mfano, ndege za kivita za plastiki zinazoenea kwenye viganja viwili. Aliunganisha vipande, akavipiga msasa mpaka viungo visionekane, akavipulizia rangi kwa bomba jembamba kama kalamu. Nyumba yake ilinuka tina ya kuzimulia rangi mpaka mkewe akahamishia jiko uani. Alikuwa na medali za mashindano, na ukimuuliza habari ya ndege yoyote alikutajia injini yake, urefu wa bawa lake na rangi ya tumbo lake.

Kiangazi kile kamati ya ukumbi wa mji ilimwomba atengeneze ndege moja, ile iliyoruka mwisho kutoka uwanja wetu wa ndege wakati wa vita, iwekwe kwenye kabati la kioo mlangoni siku ya kumbukumbu. Basi adhuhuri moja, tofu ikiwa imekwisha na sakafu ya duka ikiwa bado na maji, Tomoji aliingia na sanduku. Akaitoa ndege, akaiweka juu ya meza ya jiwe.

Ilikuwa ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine. Kijani chake kilikuwa laini kama ngozi ya tunda. Pembeni mwa mbavu alikuwa amepitisha weusi hafifu uliofanana na uchafu wa miaka, na juu ya bawa alikuwa ameififisha rangi kidogo kidogo, kana kwamba jua lilikuwa limeilamba.

"Dada, wewe wakati ule ulikuwa uwanjani," alisema. "Nimalizie kwa vanishi yenye kung'aa kidogo, au niiache hivi, bila mng'ao?"

Kinue hakuigusa. "Mbona imechakaa?"

"Ndiyo ufundi wenyewe. Ndege halisi hupigwa jua, mvua, inamwagikiwa mafuta. Ikiwa mpya itaonekana kama mwanasesere."

"Kijani hiki kimepigwa jua muda gani?"

"Tuseme miezi. Labda mwaka."

Kinue alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha kufurahia. "Mwaka. Tomoji, kijani hiki tulikipaka sisi. Tulipaka asubuhi, jioni ndege ikaondoka. Nyingine ziliondoka zikiwa zinanata bado."

 Tomoji alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Alijua tu kwamba dada yake alitolewa shuleni pamoja na wasichana wenzake wakapelekwa uwanjani, naye alidhani walikwenda kupika na kufua.

Kinue akamweleza, kwa sauti ile ile ya kuuzia tofu. Zilikuwa ndege za kujifunzia, za kitambaa, na rangi yake ilikuwa ya chungwa ili mwanafunzi aonekane kwa mbali. Watu waliziita kereng'ende. Zilikwenda polepole kuliko hasira ya mtu. Ndege za maana zilipokwisha, wakubwa waliamua kuzifunga ndege hizi mabomu na kuwakabidhi vijana, wakajibamize nazo kwenye meli za adui, waende bila kurudi. Chungwa likawa linaonekana mno. Kwa hiyo wasichana walipewa brashi za kupakia kuta na makopo ya kijani yaliyozimuliwa mpaka yakawa kama uji wa mgonjwa. Walipaka huku matumbo yakinguruma. Rangi ilichuruzika. Nywele za brashi zilikwama humo. Mahali mkono usipofika, chungwa lilibaki likichungulia, na tumboni hawakupaka kabisa kwa sababu rangi haikutosha.

"Palikuwa na mmoja, Iwao," alisema. "Aliegemea bawa kabla halijakauka, shati likapata kijani begani. Akatuuliza, sasa nani kati yenu atanifulia hii? Tukacheka. Tulikuwa wasichana, mvulana anatutania, tungefanya nini. Jioni akapanda na shati lile lile."

Akachukua kitambaa akaifuta meza ya jiwe, akiizunguka ndege kama anazunguka kinyesi cha paka.

"Na wewe unaniuliza ing'ae au ising'ae. Miaka yote umekaa unazipodoa kama maharusi."

"Hukuniambia, dada. Hata mara moja."

"Hukuuliza. Uliviuliza vitabu."

Maneno hayo yalimchoma Tomoji kuliko yote. Akaibeba ndege yake akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alirudi siku ya mwisho kabla ya sherehe, macho mekundu. Alikuwa ameiosha ndege yote kwa tina, akaipaka chungwa, kisha akajaribu kijani kwa brashi. Kinue alitazama mara moja tu.

"Michirizi yako imepanga foleni."

"Najua. Mkono haukubali. Nikijilazimisha kupaka vibaya, unapaka ubaya mzuri." Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Ipake wewe."

"Mimi nilikwisha kuzipaka."

"Basi kesho watawekewa uongo, na uongo wenyewe utakuwa wangu. Wewe utapita pale kila siku na beseni lako la tofu ukiutazama."

 Kinue akamnyang'anya kopo la rangi. Alipaka akiwa amesimama, aproni ya mpira bado kiunoni, kwa brashi pana kupita kiasi, haraka, bila kurudia.  Tomoji alishikilia ukingo wa ndoo kwa mikono miwili, maana kila mpigo wa brashi ile ulikuwa unafuta saa nzima ya kazi yake. Kinue alipomaliza, rangi ilikuwa nzito huku, nyepesi kule, chungwa linatokeza kwenye miguu ya magurudumu, na unywele wa brashi umelala juu ya bawa.

"Hivyo," alisema.

Kesho yake waliipeleka juu ya ubao, kwa kuwa ilikuwa bado mbichi na haikufungika. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Shirakawa, aliyekuwa na duka la vyombo vya umeme, aliwapokea mlangoni akiwa na ua la kitambaa kifuani. Akainama kuitazama.

"Tomoji, ni kazi ya mtoto hii?"

"Ni ya watoto, ndiyo," alisema Kinue. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita."

Bwana Shirakawa alikohoa. "Mama, tunakuheshimu. Lakini familia za marehemu zinakuja. Zinataka kuona kitu chenye hadhi. Tomoji, si ungeipulizia vanishi kidogo, ukasawazisha hapa na hapa? Muda upo."

Sote tuliokuwa tunapanga viti tulijua jibu la Tomoji, kwa kuwa maisha yake yote alijibu ndiyo.

"Sisawazishi," alisema. Sauti ilimtoka kavu, ngeni hata kwake. "Walipewa hii. Kama ni aibu, basi wao walipandishwa juu ya aibu hiyo. Itazameni."

"Kabatini haiingii," alisema Bwana Shirakawa, na kabati la kioo likafungwa likiwa tupu.

Kinue hakubishana. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya mbele, katikati kabisa, akauweka ubao kando yake na kuanza kuipepea ndege kwa upepeo wa karatasi. Wageni wakaanza kufika wamevaa nyeusi katika joto lile, na kila mmoja akalazimika kuinua mguu kwa uangalifu apite.

"Mama Hamasaki, unatutia aibu," Bwana Shirakawa alimnong'oneza.

"Rangi haijakauka. Ikikauka nitaondoka."

"Itakauka lini?"

"Muulize fundi."

Tomoji alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Alijua rangi nzito namna ile hukaa siku nyingi bila kukauka. Akashuka, akakunja suruali yake ya sherehe magotini, akakaa upande wa pili wa ubao.

"Inategemea unyevu wa hewa," alimjibu mwenyekiti.