Sirage nyekundu ya mama

Leo mama yangu amebadilisha mawazo. Wenye munamujua, mushike kiti!

Tuko tunatengeneza nyumba yetu ya zamani, ya wakati wa ukoloni wa Babeleji, hapa Likasi. Fundi akaomba kukwangua sirage, ile nta nyekundu ya kung'arisha sakafu ya salon. Mama akawaka:

— Weye! Miaka makumi tatu napiga ile sirage kila Jumamosi, na magoti!

Fundi akakwangua paka kipande kidogo.

Chini yake: karo, vile vigae vya sakafu, zenye kuchorwa maua, bulu na manjano, kama zimewekwa jana.

Mama akainama, akapangusa ua moja na kitenge yake. Miye nikafikiri atalia.

— Fundi, toa yote. Lakini magoti yangu, utayatengeneza na nini?

Mumujibu nyinyi.