Nilitoa Kidonge, Akalaumiwa Mama wa Mandazi

Fiii... fiii... Mpaka leo naisikia firimbi ile iliyotoka kifuani kwa rafiki yangu Riziki. Jamani, kosa ni langu! Msitafute mwingine.

Tangu mimi na Riziki tulipokimbia risasi, miguu mitupu mpaka kijiji cha Makobola, moyo wangu haukurudi sawa. Mlango ukipigwa na upepo tu, naruka kama ndagala mbichi, dagaa wa ziwani! Muganga wa kituo cha afya akanipa vidonge vya tension, yaani presha. Nikacheka: "Docta, minye sina tension!"

"Najua. Vinatuliza pia moyo uliozoea kuogopa. Ila havifuti yaliyokupata. Hayo utakuja tuyaongee. Ukisimama, simama polepole. Na usiviache ghafla." Kisha akauliza kama niko na asime, yaani pumu. Nikasema hapana. Swali likapita kama pikipiki.

Wee, mambo yakawa mazuri! Nilivuka soko bila kutetemeka. Ndoto zangu za mchana zikarudi: mimi ndani ya blauzi nyeupe, nesi mkubwa wa mtaa wetu wa Kasenga! Ole wangu, mgonjwa wa kwanza nilimpata mapema mno.

Jumapili moja Riziki alipangiwa kuimba peke yake mbele ya kwaya. Kabla ya ibada tulikaa nje tukila mandazi ya Mama Sifa, anayeuza pale langoni mwa kanisa. Riziki aling'ata andazi lake mara moja, akaniwekea mkononi lililobaki.

"Nesi," akanitania, "uko na dawa ya woga?"

"Iko! Meza, weye, utaimba mpaka Burundi wasikie!"

Akameza. Na nilijua ana pumu! Tangu shuleni nilijua! Lakini swali la muganga niliona ni langu, nililijibu, likaisha.

Ibada haijafika katikati, firimbi ikaanza. Riziki akateleza kwenye benchi, midomo imebadilika rangi. Mama yake akapiga yowe: "Wamemupa karuho! Mutoto wangu wamemupa sumu! Alikula kwa nani?"

"Kwa Mama Sifa!" mtu akajibu.

Vijana wakatoka mbio. Mama mmoja akaleta maziwa, eti yaue sumu, wakataka kumnywesha muntu asiyeweza hata kuvuta pumzi!

Na mimi? Nilinyamaza. Kupitia mlangoni niliona wanamvuta Mama Sifa kitenge, beseni limepinduliwa, mandazi vumbini, naye anaapa kwa watoto wake. Bado nilinyamaza! Niliogopa kuitwa muuaji, basi nikamwachia yeye jina hilo.

Ni macho ya Riziki yaliyonifungua mdomo. Yalikuwa yananitazama mimi tu.

"Ni minye!" nikalia. "Nilimupa kidonge changu! Mumuache mama!"

Pikipiki ikatubeba, Riziki katikati. Kule kituoni nilieleza kila kitu, na muganga akamwekea dawa ya kuvuta puani na mdomoni. Firimbi ilipopungua, akanigeukia.

"Mungekawia na maziwa yenu..." Akamfunika Riziki shuka. "Dawa haina kosa, binti. Weye inakusaidia, yeye mwenye asime inamufunga kifua, ingemuua. Unafikiri nilikuuliza habari ya asime kwa kupoteza wakati?"

Riziki amepona, Mungu asifiwe! Lakini mama yake aliniambia, "Mulango wangu usiuone tena." Riziki mwenyewe hunipungia mkono kwa mbali, basi. Tuliokimbia pamoja miguu mitupu!

Wenzangu, kidonge ulichoandikiwa si karanga za kugawana, hata kama moyo wako ni mwema kiasi gani! Na ukikosea, sema upesi. Kimya chako kitampiga muntu mwingine.

Jumapili iliyofuata Mama Sifa alirudi langoni. Wote walikuwa wameshajua ukweli, lakini jina la sumu lilikuwa limemganda; walipita upande wa pili wa njia, na beseni lake lilibaki limejaa. Nikaenda peke yangu. Nikaomba mandazi mawili, nikayala pale pale nimesimama, polepole, mpaka kanisa lote likatoka na kuniona.