Bibi Alipokuwa Akiimba

Enzi zetu pale Darsait, mtaani kwetu Maskati, miaka ya tisini, harusi haikuchangamka mpaka bibi yangu, Bi Zuwena, akohoe. Akikohoa tu, sisi watoto wa kike tuliacha sambusa zetu tukakimbilia mbele, tukabanana mkekani, viganja vikinukia hina. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati mtu mzima, na nyimbo zake alizitunga hapahapa, vichekesho vitupu juu yetu sisi tuliotoka Afrika. Aliimba juu ya bibi mmoja aliyekwenda madukani Hamriya kununua kitambaa, Kiarabu kikamwishia mlangoni, akahangaika kwa vidole mpaka mwenye duka akamjibu kwa Kiswahili. Aliimba juu ya joto la Juni na wageni waliolala wamejifunika kanga mbichi. Mama zetu walicheka mpaka wakalia, maana kila mmoja alijiona mwenyewe mle.

Kwenye basi la shule tuliziimba sote, dereva akatukaripia weee, hatusikii. Watoto wa siku hizi inaimba simu, wao kazi yao kutikisa kichwa.

Basi binamu yangu Samira akachumbiwa. Babake, mjomba Salim, alikuwa keshakuwa mkubwa serikalini, kahamia Mawaleh kwa wakubwa wenzake, na wakwe aliowapata walikuwa watu wa Oman ya ndani, Kiswahili hawajui hata salamu. Bibi alikuwa na wimbo wa Samira tayari. Miezi mizima aliunong'ona huku akikaanga vitumbua, na mtu akiingia jikoni ananyamaza, kwani wimbo wa harusi hausikiwi kabla ya harusi. Alhamisi moja mjomba akaja, akakaa, kahawa hakuigusa.

"Mama, nakuomba, siku ile usiimbe. Wenzetu hawayajui mambo haya. Watatuona wageni."

Bibi aligeuza kitumbua. "Haya mwanangu. Nshasikia."

Siku ya harusi alikaa mbele na dhahabu zake, kaseti za Kiarabu zikilia. Mama mkwe wa Samira, mwanamke mpole kwelikweli, akamwinamia kumuuliza kama anaumwa. Bibi akamjibu mzima, alhamdulillahi. Tokea hapo hakuimba tena popote. Akialikwa husema koo limekauka. Nilimkasirikia mjomba miaka mingi, na sikuficha.

Bibi alipofariki, arobaini ilipokwisha, mjomba alikuja kwetu peke yake. Alitukuta mimi na mama tunapepeta mchele. Akakaa nasi chini, yeye na dishdasha yake, kanzu ya Kiomani iliyopigwa pasi.

"Nyinyi mlikuwa mkiingia kwa wanawake," akasema. "Mie tangu utotoni sijaingia. Alikuwa akiimbaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Alimnyamazisha mamake bila ya kuwahi kumsikia.

Mama alianza, nikamfuatia. Maneno tuliyapata nusu. Mjomba alicheka penye kichekesho, kisha akajifuta macho kwa mkono wa dishdasha. Wimbo wa Samira akauulizia pia, tukamwambia ukweli, huo hakuna aliyeusikia.

Siku hizi harusi zetu zina kumbi za taa na vioo, na wimbo wowote duniani unapatikana kwa kidole kimoja. Mjomba huwaozesha wanawe humo kwa fahari. Kisha Ijumaa huja kwangu, hukaa chini, na kuniomba nimwimbie mamake.